Nyumba Halali ya Kasimir

Gerlinde Hempel alikuwa ameishi miaka thelathini na sita katika vyumba viwili, ghorofa ya nne, mtaa wa Lusan mjini Gera, mashariki mwa Ujerumani, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kufika na utepe wa kupimia kuuliza kama nafasi hiyo inamtosha. Hakuna aliyetaka kujua kama godoro lake lina kina cha kuridhisha, wala kama anapata mazoezi. Kwa hiyo barua ya chama ilipofika mwezi wa Machi, aliisoma mara mbili kwa heshima, kama mtu anayesoma habari za jamaa aliyefanikiwa ng'ambo.

Barua ilihusu makazi ya Kasimir. Kasimir alikuwa hamsta, mnyama wa ukoo wa panya, mnene, rangi ya asali, mwenye kimkia kisichofaa kwa lolote na mashavu ya kubebea karanga kama mtu anayehama kwa dharura. Mjini Gera panya huwekewa sumu. Hamsta huandikiwa mkataba. Chama cha kuwatunza hamsta walioachwa kilimfahamisha Bi Hempel kwamba ombi lake la kumchukua mnyama huyo limepokelewa, na kwamba mkaguzi angefika Jumamosi saa sita mchana. Sakafu ya kizimba isipungue sentimita mia kwa hamsini. Maranda yafike kina cha sentimita ishirini na tano, apate kuchimba. Gurudumu la kukimbilia liwe na upana wa sentimita thelathini, lisiwe na mianya, asije akavunjika mguu. Pawe na bakuli la mchanga wa kuogea. Nyumba ya kulalia iwe ya mbao na iwe na vyumba kadhaa.

"Vyumba kadhaa," Gerlinde aliiambia barua. "Mimi nina viwili."

Kasimir alikuwa wa Roswitha Pohl, jirani wa mlango wa pili, aliyefariki mwezi wa Januari kwa ugonjwa wa moyo. Msimu wote wa majani kupukutika Roswitha alikuwa anaingia na kutoka hospitali, na Gerlinde ndiye aliyekuwa na ufunguo. Alimlisha mnyama, akambadilishia maji, kisha akakaa naye jioni nzima kwenye kiti cha Roswitha, Kasimir akitembea kutoka kwenye kiganja hadi ndani ya mkono wa sweta na kurudi. Ilikuwa kazi ya dakika kumi ambayo Gerlinde aliifanya kwa saa tatu.

Roswitha alipofariki, mpwa wake alitoka Hanover akiwa na glavu za kazi, akaimaliza nyumba kwa siku mbili. Kwa bahati mbaya, siku hizo mbili Gerlinde alikuwa amelazwa kwa ajili ya goti lake. Aliporudi alikuta mlangoni pake chungu cha ua lililokauka na karatasi yenye neno "asante". Mpwa alikuwa mtu wa utaratibu: viti vilikwenda kwa wahitaji, makaratasi yalikwenda motoni, na hamsta alikwenda kwenye chama.

Gerlinde alipiga simu kwenye chama siku hiyohiyo. Aliyepokea ni Bi Ahrendt, mkaguzi mwenyewe.

"Nilikuwa namlisha mimi," Gerlinde alisema. "Anaujua mkono wangu."

"Sina shaka, Bi Hempel. Ila tumeona alikokuwa anakaa. Kile kizimba kilikuwa gereza."

"Hakuwahi kulalamika."

"Wao hulalamika kwa kuguguna nondo za kizimba. Alikuwa anaguguna?"

Kasimir alikuwa anaguguna nondo kila jioni, mara tu aliposikia ufunguo mlangoni. Miezi yote ile Gerlinde alidhani anasalimiwa.

"Kidogo," alisema.

Tangu siku hiyo aliacha kukasirika, akaanza kujenga.

Kujenga kwa fedha kidogo hakukumtisha. Alipikia wafanyakazi wa kiwanda cha nguo miaka kumi na tisa, na nyama ya watu mia mbili aliijua namna ya kuifikisha kwenye sahani mia tano bila mtu kushika tama. Kisha ukuta wa Berlin ukaanguka, uhuru ukaingia, na kiwanda kikauzwa kwa bei ya mkate kwa bwana mmoja aliyeahidi kukifufua, naye akakizika ndani ya mwaka mmoja. Mume wake, Lothar, alikwenda magharibi kutafuta kazi. Aliipata, aliipata pamoja na nyumba, na ndani ya nyumba palikuwa na mwanamke tayari, kwa hiyo hakusumbuka hata kununua pazia. Gerlinde alisafisha madarasa ya shule hadi magoti yalipoomba kustaafu kabla yake. Sasa alikuwa na miaka sitini na tisa, na pensheni iliyokokotolewa na watu wenye mzaha.

Kizimba cha dukani chenye ukubwa wa halali kiliuzwa bei ya chakula chake cha mwezi. Muuzaji, kijana mwenye huruma, alimwonyesha kingine cha bei nafuu, cha plastiki ya waridi, chenye ngazi, mnara na bembea.

"Hiki wanunuzi wanakipenda sana, mama."

"Wanunuzi watalala humo?" Gerlinde aliuliza, akaondoka na gurudumu peke yake.

Maranda hakununua kwenye vifuko vidogo vyenye picha ya hamsta anayecheka. Alikwenda kwa wauza vyakula vya mifugo, akanunua robota zima la maranda ya farasi, yaleyale, bila picha. Mchanga alinunua wa kuogea chinchila, panya wa milimani mwenye manyoya mengi, kwani kitabu cha maktaba kilisema ule wa ndege una chokaa na huwasha macho. Nyumba ya vyumba vinne aliikata mwenyewe kutoka kwenye sanduku la mvinyo. Wavu wa waya wenye matundu madogo alinunua mita mbili, akaubeba begani kama askari.

Sanduku la kizimba chenyewe lilitoka barabarani. Wiki ile majirani wa jengo la pili walikuwa wameagiza gari la kuchukua vyombo vikubwa, na usiku wa kuamkia siku ya gari hilo kila familia ilishusha kando ya njia vitu ilivyokuwa inavionea aibu. Jioni kama hizo watu wa Lusan hutembeza mbwa kwa muda mrefu kuliko kawaida, hata wasiofuga mbwa. Gerlinde aliona kabati la vitabu la mbao, imara, na kabla ya mwalimu mmoja mstaafu kulifikia, alikuwa ameshatoa bisibisi mfukoni. Alilifungua palepale kando ya njia, akalipandisha ghorofa ya nne ubao kwa ubao, safari sita, akipumzika kila baada ya ngazi nane. Lilipounganishwa tena na kulazwa chali kwenye sakafu ya sebule, alilipima. Urefu mia kamili. Upana hamsini na mbili. Alipima mara tatu. Alipika hata keki.

Jumamosi saa sita kamili Bi Ahrendt aligonga. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mwenye koti la mvua na sura ya mtu aliyeshuhudia mengi mabaya, yote ya ukubwa wa kiganja. Mkononi alikuwa na kiboksi chenye matundu, kimefunikwa kitambaa.

"Yumo humu?" Gerlinde aliuliza.

"Yumo. Nimekuja naye ili nisiendeshe gari mara mbili. Tafadhali usifungue."

Kiboksi kiliwekwa mezani karibu na keki. Bi Ahrendt alivua viatu, akapiga magoti mbele ya kizimba. Alitia rula ndani ya maranda, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alizungusha gurudumu kwa kidole. Aliinua nyumba ya vyumba vinne, akachungulia kila chumba kama mpangaji mwenye mashaka.

"Mchanga wa chinchila. Vizuri."

"Wa ndege una chokaa."

"Hasa." Kwa mara ya kwanza alitabasamu. Kisha akatoa utepe wake, akaushusha ndani ya sanduku kutoka ubao hadi ubao. "Tisini na sita nukta nane."

"Mia," alisema Gerlinde. "Nimepima mara tatu."

"Umepima nje, Bi Hempel."

"Nimepima kabati."

"Kasimir hatakaa nje ya kabati. Na upana, arobaini na nane nukta nane."

Gerlinde alitazama mbao zake. Zilikuwa nene, ndiyo maana alizipenda. "Zimepungua sentimita tatu. Yeye mwenyewe hata akijinyoosha hafiki kumi na sita."

"Nikiachia tatu leo, kesho nitaombwa tano. Nimeona hamsta anafugwa kwenye ndoo, Bi Hempel. Aliyemfuga naye alianza na sentimita tatu."

Kibaya ni kwamba Gerlinde alimwelewa. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye mizani ya jikoni, na mtu yeyote aliyemwambia "gramu chache tu, Gerlinde" alirudishwa na sufuria yake. Alikuwa amekutana na mwenzake, ila upande usiofaa wa mizani.

"Kwa hiyo?"

"Kuna familia Jena. Kizimba chao kina mita moja na nusu. Kesho wanakuja kumchukua."

"Na kama nikirekebisha wiki ijayo?"

"Kesho wanakuja."

Ndani ya kiboksi kitu kilikwaruza. Gerlinde alisogea mezani. "Tulia, babu mdogo," alisema kwa sauti ya chini, na mkwaruzo ukakoma palepale. Bi Ahrendt aliona. Alivaa viatu polepole kuliko ilivyohitajika.

"Nina hamsta wengine wawili wa kukagua upande wa pili wa mji," alisema. "Saa tisa na dakika kumi nitapita tena hapa kuelekea barabara kuu. Sisemi lolote. Nasema nitapita."

Akabeba kiboksi, akashuka.

Gerlinde alisimama katikati ya sebule. Ukuta mzima wa kushoto ulikuwa umezibwa na kabati kubwa la kahawia lililong'arishwa, kama makabati yanavyoziba kuta za sebule zote za rika lake. Yeye na Lothar walilingoja kwenye foleni ya majina miezi saba, mwaka wa themanini na tatu. Sehemu yake ya kati ilikuwa na milango miwili ya kioo, na nyuma ya vioo zilikaa glasi kumi na mbili za kristali na vikombe vya ukingo wa dhahabu, vya wageni wa heshima. Wageni wa heshima walikuwa bado hawajafika. Kwa miaka arobaini vyombo vile viliishi kwa nafasi, mwanga na usalama ambao chama chochote kingeupitisha bila swali.

Alichukua utepe. Safari hii alipima ndani ya sehemu hiyo ya kati. Urefu mia moja na kumi na sita. Upana hamsini na sita.

Alikaa kidogo kwenye ukingo wa sofa. Kisha akaanza kutoa glasi, mbili mbili, akazilaza kwenye sofa juu ya taulo. Alitoa rafu. Alifungua skrubu mbili zilizolifunga kabati la kati kwa ndugu zake. Ilipofika saa saba na dakika kumi alilikumbatia kama wacheza dansi wa zamani, akalivuta. Kabati liliguna kwenye sakafu kwa sauti ya ng'ombe anayezaa.

Kengele ya mlango ililia baada ya dakika nne, mlio mfupi, wa adabu.

Alikuwa Bwana Wenzel wa ghorofa ya tatu, fundi wa ishara za reli mstaafu, mzee mrefu mwenye ndara za manyoya. Sheria za jengo aliziweka ndani ya karatasi ya plastiki, si kwa sababu hazijui bali zisichafuke.

"Bi Hempel," alisema kwa kunong'ona. "Ni saa saba na dakika kumi na nne."

"Najua, Bwana Wenzel."

"Mapumziko ya mchana ni saa saba hadi saa tisa. Kuna kitu kinaburuzwa juu ya kichwa changu."

"Ni kabati."

"Unahama?"

"Sihami. Kasimir ndiye anahamia kwangu."

Bwana Wenzel alitafakari. "Hongera," alisema bila furaha.

"Kasimir ni hamsta, Bwana Wenzel. Yule wa Roswitha."

"Aa. Yule." Uso wake ulitulia kidogo. Gerlinde alimweleza yote pale mlangoni, kwa kunong'ona pia: sentimita tatu, Jena, saa tisa na dakika kumi. Bwana Wenzel alisikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyefanya kazi kwenye reli, akingoja sehemu ambapo kosa lilitokea.

"Ulipima nje," alisema.

"Nilipima nje."

"Kifungu cha saba," alisema Bwana Wenzel, "kinakataza kugonga misumari, kutoboa, kukung'uta mazulia na kupiga ala za muziki. Kuburuza kumo ndani ya 'kelele nyinginezo'."

"Na kubeba?"

Akavipitia vifungu vyote kichwani. "Kubeba hakukutajwa."

"Ningebeba. Lakini magoti yangu ndiyo haya."

"Hutabeba, utaburuza. Halafu itanibidi niandike barua."

"Kwa nani?"

"Kwako." Akashusha pumzi, akavua ndara, akazipanga mlangoni zikitazama ngazi. "Shika upande wa juu. Ni mwepesi zaidi. Na tafadhali, usihesabu kwa sauti."

Walilibeba kabati, watu wawili wa jumla ya miaka mia moja na arobaini na tatu, bila neno, wakiwa na soksi miguuni. Walilishusha chali juu ya zulia, likatua kama paka. Milango ya kioo sasa ilitazama dari, nayo ilikuwa mizuri na isiyofaa: mnyama angekosa hewa. Gerlinde aligundua kwamba kila kioo kimeshikwa na vijiti vinne vya mbao na skrubu nane. Bisibisi haina sauti. Walitoa vioo, wakaweka wavu mahali pake, wakarudisha vijiti. Tatizo lilikuwa kuukata wavu, kwa kuwa kila waya ulitoa mlio mdogo chini ya koleo. Bwana Wenzel alifunika mikono yake na koleo kwa taulo, akakata humohumo kama daktari.

"Inasikika chini?" Gerlinde aliuliza.

"Chini ni mimi."

Baada ya muda, bila kuinua macho, alisema: "Bi Pohl hakuwa anafagia ngazi vizuri ilipofika zamu yake."

"Alikuwa mgonjwa, Bwana Wenzel."

"Najua. Nilikuwa nafagia baada yake." Akakunja ncha za waya kuelekea nje, moja moja, zisije zikamchoma mtu pua. "Saa kumi na moja alfajiri. Asinione, akaona haya."

Gerlinde alimtazama. Miaka thelathini na moja walisalimiana kwenye ngazi kwa majina ya ukoo, na mazungumzo yao marefu zaidi yalihusu mahali pa kuegeshea baiskeli. Alimpa sufuria, wakahamisha maranda pamoja, sufuria kwa sufuria, kutoka sanduku haramu kwenda sanduku halali.

Saa tisa na dakika kumi na mbili Bi Ahrendt aligonga. Aliona pengo kwenye ukuta kama jino lililong'olewa, kristali zikiwa zimelala kwenye sofa, mzee asiye na viatu mwenye maranda kwenye nyusi. Hakuuliza. Alipima. Alipitisha kidole kwenye kingo zote za wavu, akafungua na kufunga milango mara mbili.

"Mia moja na kumi na sita kwa hamsini na sita," alisema. "Inatosha."

Aliweka kiboksi ndani, akafungua. Ilitoka pua, kisha masharubu, kisha Kasimir mzima, amepungua kidogo. Alinusa hewa. Alifika kwenye mkono wa Gerlinde uliolala juu ya maranda, akapanda kiganjani, akakaa hapo muda wa kutosha kujaza mashavu mbegu zote za alizeti zilizokuwemo. Kisha akashuka, akachimba kwenye kona, akapotea. Maranda yalitikisika kidogo, yakatulia.

"Usimsumbue siku tatu," alisema Bi Ahrendt.

"Kwa hiyo tutakuwa tunatazama maranda."

"Ni maranda mazuri," alisema Bwana Wenzel.

Mkataba ulikuwa na kurasa nne. Gerlinde alitia sahihi kwamba hatamuuza Kasimir, hatamzalisha, wala hatamsafirisha kwenda nchi ya nje. Kwenye kifungu cha tisa kalamu ilisimama. Palitakiwa jina na anwani ya mtu atakayemchukua mnyama iwapo mtunzaji atafariki au kulazwa muda mrefu. Kasimir alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Hamsta akiishi sana huishi miaka miwili na kidogo. Chama kilikuwa kimefanya hesabu, kikaona kwamba kati ya wawili hawa Gerlinde naye ana nafasi nzuri ya kutangulia.

"Lazima nijaze hapa?"

"Lazima."

"Na kama sina mtu?"

Bi Ahrendt aliangalia zulia. "Huyu ameshaachwa mara moja, Bi Hempel, kwa sababu jina la mtu wa kumchukua halikuandikwa popote. Bila jina siwezi kumwacha."

Gerlinde alijaribu kufikiri. Lothar aliyekuwa Kassel, kama bado alikuwa hai. Binamu mmoja mwenye paka watatu. Muuza maranda. Kalamu ilibaki hewani, na kwenye kona ya kizimba hapakuwa na kitu chochote cha kuonekana.

Bwana Wenzel alinyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi."

Hakwenda moja kwa moja kwenye kifungu cha tisa. Alivaa miwani, akaanza ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, nao wawili wakangoja wamesimama. Ilichukua dakika kumi na moja.

"Kifungu cha tatu," alisema hatimaye. "Mmeandika 'maranda ya kutosha'. Kutosha ni kiasi gani?"

"Sentimita ishirini na tano."

"Basi iandikwe."

Bi Ahrendt aliandika pembeni kwa kalamu, akatia sahihi fupi. Bwana Wenzel alikagua, akaridhika, akafungua ukurasa wa tatu na kuandika polepole, kwa herufi za mtu aliyezoea kusomwa na madereva wa treni: Wenzel, Ottokar, ghorofa ya tatu. Kwenye sanduku lake la barua jina hilo liliandikwa O tu.

"Ottokar," alisema Gerlinde.

"Yasiwe mazoea, Bi Hempel." Alimrudishia kalamu, akavua miwani. "Sasa nionyeshe chakula chake unakiweka wapi, na anakula saa ngapi. Nina wajibu."